Simu Inavuka, Hati Inakwama: Polisi wa Pande Mbili za Ayalandi Baada ya Brexit

Jioni ya Septemba 17, 2019, mkurugenzi wa kampuni moja ya viwanda alitekwa karibu na nyumba yake katika kaunti ya Fermanagh, Ayalandi Kaskazini, eneo lililo chini ya Uingereza. Watekaji walivuka naye mpaka, wakamtesa kwa saa kadhaa katika kaunti ya Cavan, ndani ya Jamhuri ya Ayalandi, kisha wakamtupa kando ya barabara akivuja damu. Mtu aliyeshukiwa kuwa mpangaji alifariki Novemba mwaka huohuo, wakati polisi wa England walipoingia kuipekua nyumba aliyokuwamo mjini Buxton. Miaka miwili baadaye watu watatu walitiwa hatiani. Kesi haikusikilizwa Belfast wala London. Ilisikilizwa Dublin, na mashtaka yalisimama juu ya yale yaliyotendeka Cavan.

Shambulio lilikuwa moja, sheria zilikuwa za nchi mbili, na vikosi vya polisi vilikuwa vitatu. Nani aongoze upelelezi? Damu iliyokutwa upande wa kusini na picha za kamera zilizorekodiwa kaskazini zitafikaje mbele ya mahakimu walewale? Na kama mshukiwa angekuwa amelala upande wa pili usiku ule, nani angekuwa na haki ya kumgongea mlango? Kesi ile ilipata majibu kwa sababu mwaka 2019 nchi zote mbili zilikuwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya, na majibu yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Miezi kumi na tano baadaye, kwa sababu ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa katika Umoja huo, sehemu kubwa ya maandishi hayo ilikoma kutumika.

Yakitajwa maneno "ushirikiano wa polisi mpakani", wengi wetu huwaza makamanda wanaopeana mikono mbele ya kamera. Lakini ndani ya maneno hayo mna mambo mawili tofauti. La kwanza ni imani: askari wa huku kumpigia simu mwenzake wa kule na kumwambia anachokijua, bila hofu kwamba kitavuja. La pili ni hati: sheria au mkataba unaofanya kile kilichosemwa kwenye simu kigeuke kuwa ukamataji halali na ushahidi unaokubalika mahakamani. Siasa zikibadilika, hayo mawili hayaguswi kwa wakati mmoja. Mpaka wa Ayalandi unalionyesha jambo hili waziwazi kuliko mpaka mwingine ninaoujua, kwa sababu umewahi kuwa na hati bila imani, na leo una imani huku hati ikiyumba.

Kwanza tuutazame mpaka wenyewe. Una urefu wa takriban kilomita 500 na barabara za umma zaidi ya 200 zinaukata. Hauna geti wala kizuizi. Dereva hutambua kuwa amevuka pale mwendo unapoanza kuandikwa kwa maili badala ya kilomita, na mstari wa pembeni mwa barabara unapoacha kuwa wa njano. Barabara ya kutoka Clones kwenda Cavan huuvuka mpaka mara nne katika kipande kifupi tu. Eneo la Drummully, ambalo ni sehemu ya kaunti ya Monaghan kusini, halifikiki kwa gari bila kupita kaskazini. Mstari huu ulichorwa mwaka 1921 kwa kufuata mipaka ya kaunti za zamani, na waliouchora hawakuwaza magari ya doria.

Katika mazingira hayo, askari wa kaskazini (kikosi chao kinaitwa PSNI) anayemfukuza mwizi wa gari kutoka Newry kuelekea Dundalk hana mamlaka yoyote mara tu anapovuka. Anakuwa raia wa kawaida aliyevaa sare. Nchi za eneo la Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani, zilikubaliana zamani kwamba, kwa masharti maalumu, askari anaweza kuendelea kumfukuza mhalifu ndani ya nchi jirani. Ayalandi na Uingereza hazikuingia katika utaratibu huo hata zilipokuwa wanachama pamoja. Kinachofanyika ni simu na redio: chumba cha mawasiliano cha upande mmoja kinawaarifu Garda, yaani polisi wa Jamhuri, na wao wanaanzia pale wenzao walipoishia. Wahalifu wanalijua hili vizuri. Magenge ya kuvunja mashine za kutolea fedha yamechagua mara nyingi miji iliyo karibu na mpaka, na sababu si siri.

Hati bila imani

Utaratibu wa kukabidhiana watuhumiwa ulikuwapo tangu zamani, na ulikuwa rahisi ajabu. Kwa sheria zilizopitishwa pande zote mbili mwaka 1965, hati ya kukamata iliyotolewa Belfast au London iliweza kuidhinishwa Dublin na kutumika huko, na ya Dublin vivyo hivyo. Hakukuwa na mlolongo wa mabalozi wala mabunda ya nyaraka.

Halafu machafuko yakaanza mwishoni mwa miaka ya 1960. Yaliendelea kwa karibu miaka thelathini na kuua watu takriban 3,500. Ndani ya sheria ile nyepesi mlikuwa na kifungu kimoja: mtu asikabidhiwe kwa kosa la kisiasa. Katika wakati wa amani, kifungu hicho ni pambo. Katika vita vya IRA, kundi lenye silaha lililotaka Ayalandi yote iwe nchi moja, dhidi ya dola ya Uingereza, karibu kila mtu aliyetafutwa kwa bomu au risasi aliweza kusimama mbele ya jaji wa Dublin na kusema kwamba alichofanya, hata kama alikifanya, ni siasa. Katika miaka ya 1970 mahakama zilikubali hoja hiyo mara kwa mara. Serikali ya London iliona kuwa jirani yake anawaficha wauaji. Dublin nayo ilijibu kuwa majaji hawapokei amri za wanasiasa, na kwamba haki inayotolewa Belfast ina kasoro zake.

Wanasheria wakatafuta njia ya kuzunguka. Sheria za 1975 na 1976 ziliruhusu mtu ashtakiwe upande mmoja kwa kosa alilotenda upande wa pili, ili suala la kumkabidhi lisizuke kabisa. Kwenye karatasi ilikuwa akili ya hali ya juu. Kwa vitendo kesi zilikuwa chache, kwa kuwa shahidi wa Armagh alitakiwa akubali kuzungumza kwa ajili ya mahakama ya nchi nyingine, na polisi wa pande mbili walitakiwa wapeane mafaili ambayo hawakuwa tayari kupeana.

Mahakama ya Juu ya Dublin ilianza kubadili msimamo mwaka 1982, katika kesi ya Dominic McGlinchey, aliyetakiwa kaskazini kwa mauaji, iliposema kuwa si kila mauaji yanayofanywa na mwanaharakati ni kosa la kisiasa. Alikabidhiwa kaskazini Machi 17, 1984, siku ya Mtakatifu Patrick, akiwa wa kwanza kati ya wapiganaji waliotaka Ayalandi moja kukabidhiwa kwa namna hiyo. Kilichofuata kingefaa kuwa kichekesho kama kisingehusu roho za watu. Mahakama ya Rufaa ya Belfast ilifuta hukumu yake mwaka 1985 kwa ushahidi hafifu, akarudishwa Dublin, na huko ndiko alikofungwa kwa makosa mengine. Ugomvi wote ule wa kikatiba ulihusu mtu ambaye mwishowe kifungo chake alikipata kusini kulekule.

Mwaka 1985 serikali mbili zilitia saini Makubaliano ya Anglo-Ayalandi, na kifungu cha tisa kiliwataka wakuu wa polisi wa pande zote mbili wafanye kazi pamoja, wapeane taarifa na wapange operesheni. Karatasi ilikuwa nzuri. Machi 20, 1989, maofisa wawili waandamizi wa RUC, polisi wa kaskazini wa wakati ule, walikwenda kuhudhuria kikao katika kituo cha Garda cha Dundalk. Harry Breen na Bob Buchanan waliviziwa na IRA wakati wa kurudi, mara tu walipovuka mpaka, wakauawa kwa risasi. Tume ya uchunguzi ya Jaji Peter Smithwick ilitoa ripoti Desemba 2013, na ikahitimisha kuwa ndani ya kituo kile kulikuwa na mtu au watu waliowasaidia wauaji.

Robo karne ilipita kabla ya maneno hayo kuandikwa rasmi. Muda wote huo kila ofisa wa kaskazini aliyealikwa kusini alikuwa na sababu ya kujiuliza nani mwingine anajua saa ya kikao. Unaweza kuwaamuru watu wapeane taarifa kwa mkataba, lakini mkataba haumfanyi mtu ataje jina la mtoa habari wake.

Kisha siasa zikageuka

Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya Aprili 10, 1998 hayakumaliza kila kitu. Agosti 15 mwaka huohuo bomu liliua watu 29 mjini Omagh, na gari lililolibeba lilikuwa limeibwa Carrickmacross, upande wa kusini. Hata hivyo makubaliano yalifungua mlango wa kuunda upya polisi wa kaskazini. Tume ya Chris Patten ilitoa ripoti yake Septemba 1999, RUC ikawa PSNI Novemba 2001, na Aprili 2002 serikali mbili zilitia saini makubaliano ya polisi yaliyoruhusu maofisa kuazimana na kubadilishana nafasi kati ya vikosi.

Matunda ya muda mrefu yalionekana Septemba 2018, Drew Harris alipoapishwa kuwa Kamishna wa Garda. Alikuwa naibu mkuu wa PSNI. Baba yake, ofisa wa RUC, aliuawa kwa bomu la IRA Oktoba 1989, miezi saba tu baada ya Breen na Buchanan. Mtu wa historia hiyo kukabidhiwa polisi wote wa Jamhuri ni jambo ambalo mwaka 1989 lingechekwa mezani. Wapo waliolalamika, na malalamiko yao hayakukosa msingi wote, lakini aliongoza kikosi hicho kwa miaka saba.

Katika kipindi hichohicho Umoja wa Ulaya ulileta hati mpya. Hati ya Ulaya ya Kukamata ilianza kutumika mwaka 2004, na kwa Ayalandi ilifanya jambo ambalo siasa za visiwa hivi viwili zilishindwa kulifanya kwa miongo mitatu: iliondoa kinga ya kosa la kisiasa, na ikawatoa mawaziri nje ya chumba. Jaji anaandika, jaji mwenzake anatekeleza, na muda umewekwa. Kwa kuwa utaratibu wa zamani ulionekana umepitwa na wakati, sheria za 1965 za kuidhinishana hati zilifutwa pande zote mbili. Nakuomba ukumbuke jambo hilo unapoendelea kusoma.

Kasi ya hati hiyo ilionekana baada ya Oktoba 2019, miili ya Wavietnamu 39 ilipokutwa ndani ya trela huko Essex. Mwenye malori aliyekuwa miongoni mwa waratibu wa biashara ile alikamatwa Ayalandi Aprili 2020. Juni Mahakama Kuu ya Dublin iliamuru akabidhiwe, na Januari 2021 alihukumiwa kifungo cha miaka 20 jijini London.

Chini ya ngazi ya mahakama kulikuwa na kazi nyingine ambayo haiandikwi sana magazetini. Novemba 2015, ndani ya makubaliano ya kisiasa yaliyohusu mambo mengine mengi, serikali ziliunda kikosi kazi cha pamoja cha Garda, PSNI na mamlaka za kodi za nchi zote mbili. Kinashughulikia sigara za magendo, usafirishaji wa watu, na biashara ya kuosha mafuta. Biashara hiyo inahitaji maelezo kidogo. Dizeli ya mashambani hutozwa kodi ndogo, kwa hiyo hutiwa rangi ili isiuzwe kwenye magari ya kawaida: kijani kusini, nyekundu kaskazini. Magenge ya mpakani huiondoa rangi kwa kemikali, huiuza kwa bei kamili, na takataka zenye sumu huzitupa barabarani usiku. Mwaka 2015 mamlaka mbili za kodi zilianza kutumia kwa pamoja kialamishi kipya ambacho ni kigumu kuondoa. Hapo hakukuhitajika jaji wala mkataba mkubwa, ilitosha maabara mbili kukubaliana.

Brexit ilichukua nini, ikaacha nini

Waingereza walipiga kura ya kuondoka Juni 23, 2016. Mjadala wa Ayalandi ukatekwa na forodha: nyama, maziwa, malori, iwapo vizuizi vitarudi. Polisi walikuwa na hofu nyingine. Kama Desemba 31, 2020 ingepita bila mkataba, hati ya Ulaya ingezimika usiku ule, na utaratibu wa 1965 haukuwapo tena wa kurudia. Kingebaki Mkataba wa Baraza la Ulaya wa 1957, ambao ni wa polepole, unapitia serikalini, na bado una kinga ya kosa la kisiasa. Yaani mlango uliofungwa kwa shida mwaka 2004 ungefunguka wenyewe, kwenye mpaka ambao ndio uliofanya mlango huo uwe maarufu.

Mkataba wa biashara na ushirikiano ulifikiwa mkesha wa Krismasi, wiki moja kabla ya muda kwisha. Sehemu yake ya tatu inahusu polisi na mahakama, na ni pana kuliko wengi walivyotarajia. Kukabidhiana watuhumiwa kumebaki mikononi mwa majaji, kwa muda uliowekwa. Vikosi bado vinaweza kuunda timu ya pamoja ya upelelezi. Ulinganishaji wa vinasaba na alama za vidole umeendelea. Katika Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, Uingereza imekuwa mgeni mwenye dawati badala ya mwanachama.

Kilichopotea moja kwa moja ni Mfumo wa Taarifa wa Schengen, ambao unajulikana kwa kifupi kama SIS. Huu ni orodha kuu ya watu wanaotafutwa, waliopotea, magari yaliyoibwa na hati za kusafiria zilizopotea kote Ulaya. Askari akiingiza namba ya gari kwenye kifaa chake, jibu huja papo hapo, hata kama gari liliibwa Lisbon jana. Mwaka 2019 polisi wa Uingereza waliupekua zaidi ya mara milioni 600, nyingi zikifanywa na kompyuta yenyewe kila jina lilipotafutwa. Usiku wa kuamkia 2021 ulizimwa kwao. Machi 15, 2021, wiki kumi na moja baadaye, Ayalandi ikaunganishwa nao kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo leo doria ya Dundalk ikisimamisha gari inaona tahadhari za bara zima. Doria ya Newry, takriban kilomita ishirini tu kutoka hapo, inategemea mtandao wa Interpol, ambako nchi husika lazima iwe imekumbuka kuiweka tahadhari hiyo kwa mara ya pili. Na Garda hawawezi tu kumsomea jirani kila wanachokiona kwenye SIS, kwa kuwa sheria za mfumo huo zinazuia kuipatia data zake nchi isiyo mwanachama. Hapa ndipo simu inapovuka na kitu kilichotakiwa kusemwa kwenye simu kinabaki.

Hata taarifa ambazo ni za Ayalandi yenyewe zinasafiri kwa ruhusa. Juni 28, 2021 Tume ya Ulaya iliamua kuwa Uingereza inalinda data vya kutosha, kwa upande wa kazi za polisi pia, ila uamuzi huo una tarehe ya mwisho na lazima uhuishwe. Bunge la London likilegeza sheria zake za faragha kupita kiasi, wa kwanza kuumia watakuwa wapelelezi wa Monaghan na Armagh ambao hawakuulizwa.

Majaji wanaulizwa: je, bado tunaaminiana?

Sehemu yenye mafunzo makubwa kuliko zote imeandikwa na mahakama, kupitia watuhumiwa ambao kila mmoja alijaribu kuutumia mpasuko wa kisiasa kama tundu la kutokea.

Wa kwanza anajulikana kwenye kumbukumbu kama RO. Ayalandi Kaskazini ilimtaka kwa mauaji, uchomaji na ubakaji. Wakili wake alisema: Uingereza imekwisha kutoa taarifa ya kuondoka, kwa hiyo hakuna anayejua haki za mteja wangu zitakuwaje atakapokuwa gerezani huko. Septemba 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilijibu kuwa taarifa ya kuondoka si kuondoka. Mpaka siku ya mwisho, mwanachama ni mwanachama.

Novemba 2021 ilikuja hoja ya kijanja zaidi. Kwa itifaki iliyoambatanishwa kwenye mikataba ya Umoja, Ayalandi haifungwi na hatua za polisi na mahakama mpaka ijiunge nazo kwa hiari. Watu wawili waliokuwa rumande Dublin, SN na SD, walisema: Ayalandi haikutamka kujiunga na sehemu hii ya mkataba wa Brexit, kwa hiyo kukamatwa kwetu hakuna msingi. Kama wangeshinda, kila mtu aliyekamatwa Ayalandi kwa ombi la Uingereza chini ya mkataba mpya angekuwa na hoja ya kutoka. Mahakama iliikataa hoja hiyo, ikisema kuwa huu ni mkataba mmoja wa ushirika uliofungwa na Umoja mzima, na itifaki ile haiuhusu.

Shauri la tatu, la Julai 29, 2024, halikwisha kwa urahisi huo. MA alikuwa akitakiwa Ayalandi Kaskazini kwa makosa ya ugaidi yanayodaiwa kutendeka Julai 2020. Mwaka 2021 Uingereza ilibadili sheria: mfungwa wa makosa ya aina hiyo haachiwi tena moja kwa moja akitumikia nusu ya kifungo, bali baada ya theluthi mbili, tena jopo likiridhia. MA alidai kwamba huko ni kumwongezea adhabu kwa kosa la kabla ya sheria. Mahakama za Uingereza zenyewe zilikuwa zimeshaamua kuwa mabadiliko hayo hayavunji haki za binadamu. Baina ya wanachama, hilo lingetosha kwa sehemu kubwa, maana jaji wa Dublin angelazimika kuuamini mfumo wa mwenzake isipokuwa kuwe na kasoro kubwa iliyoenea.

Safari hii Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, ilisema kuwa kati ya Umoja na Uingereza hakuna tena uaminifu wa kiwango kilekile. Mkataba ni mzuri, lakini ni wa majirani, si wa wanachama. Jaji anayeombwa amkabidhi mtu lazima apime mwenyewe hatari inayodaiwa, aombe maelezo ya ziada na dhamana, na akatae kama ushahidi unaonyesha hatari ya kweli ya mtu kupewa adhabu nzito kuliko iliyokuwapo siku ya kosa.

Ukisoma hukumu hiyo polepole utaona jambo la ajabu. Katika chumba cha wapelelezi, imani kati ya Garda na PSNI ni kubwa kuliko wakati wowote tangu 1922. Katika maandishi ya mahakama ya juu kabisa ya Ulaya, imani hiyo imeshushwa daraja rasmi, na hakuna askari hata mmoja aliyekosea. Kila kesi ya namna hii sasa inaweza kuongeza barua, majibu ya barua na miezi. Mtuhumiwa mwenye wakili mzuri anaujua uzito wa miezi.

Siasa za Stormont nazo hazikusaidia. Bunge la Ayalandi Kaskazini halikufanya kazi kati ya 2017 na 2020, na tena kati ya 2022 na 2024, kwa hiyo kwa vipindi virefu waziri wa sheria wa kusini hakuwa na mwenzake kamili wa kukaa naye. Desemba 2023 Dublin ilitangaza kuishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, kwa sababu ya sheria iliyofunga uchunguzi wa mauaji ya wakati wa machafuko. Wiki hizohizo maofisa wa nchi hizo mbili walikuwa wakiendelea na operesheni zao za pamoja. Septemba 2025 serikali zilikubaliana mfumo mpya wa kushughulikia mauaji hayo ya zamani, na sehemu ya ahadi za Dublin ilikuwa kuunda kitengo maalumu ndani ya Garda. Kwa maoni yangu huu ndio uimara wa kweli wa ushirikiano wa sasa: umezoea kufanya kazi huku wakubwa wakigombana.

Kuna kitu kimoja ambacho mazoea hayo hayawezi kukihimili. Sehemu ya polisi ya mkataba wa Brexit imefungwa kwenye Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Upande wowote unaweza kuisitisha sehemu hiyo kwa taarifa ya miezi tisa. Lakini kama sababu ya kuisitisha ni kwamba Uingereza imejitoa katika mkataba wa haki za binadamu, inaweza kukoma siku ileile kujitoa huko kunapoanza kufanya kazi, na kujitoa kunahitaji notisi ya miezi sita tu. Oktoba 2025 chama cha Conservative kiliahidi kujitoa kikirudi madarakani, na Reform UK kina msimamo huohuo. Mjadala wao unahusu wahamiaji wanaovuka mlango wa bahari kutoka Ufaransa kwa mitumbwi ya mpira, na kwenye majukwaa hayo Newry na Dundalk hazitajwi. Ikifika siku hiyo, jaji wa Dublin atakayepelekewa mtuhumiwa wa bomu kutoka kaskazini atalifungua tena faili la 1957, lenye kifungu cha kosa la kisiasa ndani yake, isipokuwa kama mabunge mawili yatakuwa yametumia miezi ile sita kuandika upya kitu cha kuchukua nafasi ya sheria walizozifuta wenyewe.